Mtoto Mwenye Mikono Yangu

Jumapili, 14 Januari

Emna amejifungua. Mtoto wa kike. Jana alasiri, hospitali, wote salama. Ndivyo mumewe, kaka yangu Mongi, alivyosema kwenye simu, na kabla sijamuuliza lolote akakata.

Mama yuko jikoni tangu asubuhi, anakaanga ufuta wa kutengenezea zrir, utamu wa uzazi. Siagi, asali, lozi za kusaga — nyumba nzima inanukia. Vile vikombe vidogo vya kugawia wageni ameshaviosha. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu Baba afariki.

Mchana Mongi akaja. Hakuvua koti. Alikula wima karibu na sinki, kama mtu anayewahi safari. Mama akamuuliza mtoto kafanana na nani. Kaka yangu alinitazama mimi — si usoni. Mikononi.

"Ana mikono kama yako, dada," akasema.

Akatoka. Mama akazima jiko. Ufuta ulikuwa umeshaanza kuungua.

Naandika kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Ilikuwa furaha. Kama mtu aliyekaa ugenini maisha yake yote, mara akasikia mtu nyuma yake akiongea lugha ya kwao. Haikudumu. Nikamfikiria Emna, nikaona aibu.

Jumatano, 17 Januari

Hongera nyingi shuleni. Shangazi, shangazi, kila mtu. Mkuu wa shule kanipa chupa ya maji ya maua ya mchungwa nimpelekee Emna. Emna anafundisha darasa la pili, chumba kilicho ubavuni mwa changu. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani siku moja ya mvua, Mongi akamwona, ikawa.

Chupa bado imo mkobani. Maana Mongi amepiga tena. Emna ametoka hospitali, yuko kwa mama yake, kule chini karibu na soko. Na Bi Beya, mama yake, anaona ni afadhali nisiende kwa sasa. Anasema binti yake alishinda nami alasiri zote mimba ilipokuwa changa, chai na soga, akiniangalia nikimenya machungwa kwa vidole hivi vinne. Mjamzito akikitazama sana kitu, mtoto hukichukua. Mongi aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine.

Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema yeye hajui.

Kumbe! Emna aliacha kushuka kwetu mimba ilipofika mwezi wa tatu. Wanaishi juu yetu, ni ngazi tu zinazotutenganisha. Alisema ngazi zinamchosha. Nikaamini. Nikawa nampelekea supu na kuiacha mlangoni.

Jumamosi, 20 Januari

Siku ya saba. Wamempa jina. Rim.

Mama alikwenda peke yake, amejifunga sefsari, lile shuka jeupe la sherehe. Mimi nilibaki nasahihisha madaftari. Sikusahihisha kitu. Nilikaa nikilisema jina hilo ili nione linakaaje mdomoni. Rim. Rim wa Mongi.

Mama alirudi jua likizama, akakaa bila kuvua viatu. Nilimvuta neno moja moja. Mtoto ni mweupe, mnene, nywele nyeusi mpaka kwenye paji. Ananyonya vizuri. Mikono imefichwa kwenye glovu za sufi na glovu zimefungwa kwa utepe. Emna humbadilisha nguo macho yakiwa ukutani. Wanawake walikula zrir, wakasifu, hakuna aliyethubutu kuuliza kuhusu glovu.

Halafu Bi Beya akasema mbele ya watu wote kwamba yeye alimwonya binti yake kuhusu nyumba yetu.

Mama akamjibu. Mama yangu, ambaye hata kubishana na muuza samaki hawezi! Alisema: kama kuna wa kulaumiwa, nilaumiwe mimi. Mimi ndiye niliyekata boga usiku wa kupatwa kwa mwezi, tumbo likiwa kubwa, nikaambiwa niweke kisu chini nikacheka. Binti yangu alizaliwa hivyo kwa kisu changu. Yeye hajamfanyia mtu yeyote kitu.

Kisa cha boga nakijua tangu utoto. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyekieneza. Sikujua kwamba Mama anakiamini kiasi cha kukisimamia mbele ya ukumbi mzima.

Nilimvua viatu. Miguu ilikuwa baridi.

Ijumaa, 26 Januari

Theluji kidogo mlimani. Mongi analala dukani kwake, kati ya waya na balbu, anasema ana kazi nyingi. Kazi gani ya umeme isiyoisha? Vyumba vya juu viko kimya. Nimepanda kufua mapazia yao, ili Emna akirudi ayakute safi. Akirudi.

Kuna kitanda cha mtoto dirishani. Nimekifuta vumbi. Nikakaa sakafuni kando yake, muda mrefu kuliko inavyohitaji vumbi.

Jumapili, 4 Februari

Mongi amekuja, na safari hii alivua koti. Daktari wa watoto amewaandikia waende Tunis, kwa daktari wa mambo ya kurithi. Huyo anawataka wote — Mongi, Emna, mtoto. Mama. Na mimi.

"Hasa wewe," akasema. Alikuwa anakuna meza kwa ukucha.

Nikamwambia nitakuja. Akaniuliza kama sitaona vibaya kuangaliwa. Kaka yangu huyu! Nimeangaliwa maisha yangu yote, na bure. Angalau huyu amesomea.

Amekwenda. Nami nimebaki na Fethi, aliyekuwa mchumba wangu, kichwani, baada ya miaka yote hii. Sijui kwa nini leo. Pete ilikuwa imeshanunuliwa, na ilinitosha, tulicheka sana tulipoijaribu kwenye kidole hiki kinene. Mama yake ndiye aliyekuja kutuambia kwamba hawezi, anaogopa wajukuu. Fethi mwenyewe hakuja. Sasa ana watoto watatu. Mmoja nilimfundisha kushika kalamu. Mtoto mzuri, ana masikio ya baba yake.

Jumatatu, 19 Februari

Tunis. Tumerudi tumechoka wote, lakini lazima niandike.

Daktari Wafa ni msichana kabisa, ana mafua, anajifuta pua na kuomba radhi. Hakuanza na mikono yangu. Alianza na ukoo. Akachora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya kuunganisha. Langu na la Rim akayatia rangi nyeusi. Duara kubwa na duara dogo, na kati yetu mraba mtupu — Mongi.

Akauliza kama Mongi na Emna ni ndugu wa damu. Si ndugu. Akauliza kama yuko mwingine katika ukoo. Mama akasema hakuna. Kisha akasema alikuwepo shangazi yake Baba, Traki, ambaye hakuolewa na hakuwahi kuonekana bila sefsari kuziba mikono, hata mezani. Alikuwa akila jikoni peke yake. Watu walisema ni haya. Daktari akachora duara jingine, akaweka alama ya kuuliza.

Nimekuwa na mtu wa kufanana naye, amekufa kabla sijazaliwa, na leo ndiyo nasikia.

Wakatupiga picha za mifupa, mikono na miguu. Wakatutoa damu. Mongi alipovua soksi nilimtazama. Vidole vyote vipo. Miguu mizuri.

Tukasubiri kwenye korido. Emna upande ule, mimi upande huu. Amekonda. Tangu asubuhi aliniambia "salama, wifi" tu, hakuongeza neno. Nilitaka kumwambia kwamba darasa lake linamuulizia, kwamba mwalimu wa muda anapiga kelele.

Rim akaamka, akalia, akarusha mikono. Glovu moja ikachomoka ikaanguka karibu na kiatu changu.

Nikauona mkono. Vidole viwili, kimoja kila upande, na mwanya katikati ulioshuka mpaka karibu na kifundo. Wangu kabisa. Wangu, ila mdogo, mwekundu, unafunguka na kujifunga. Ulishika ncha ya mtandio wa Emna ukavuta. Emna akaufungua haraka, akaufunika kwa shuka.

Niliokota glovu nikampa. Aliipokea bila kunitazama. Vidole vyetu viligusana kidogo tu. Mikono yake ilikuwa na baridi.

Majibu yatachukua wiki kadhaa.

Jumatano, 21 Machi

Hakuna habari. Milozi imechanua na kupukutika. Darasani tumefika kwenye kuhesabu kwa vidole, na kabinti kapya kakaniuliza, mwalimu, wewe ukifika nne unafanyaje? Nikamwambia naazima vyako. Akaninyooshea vyote kumi, kwa moyo safi kabisa.

Nilitoka nje kidogo.

Alhamisi, 12 Aprili

Majibu.

Chumba kile kile. Daktari Wafa amepona mafua. Emna alimpakata Rim, Mongi kando yake, Mama na mimi nyuma. Bi Beya alikataa kuja, anasema damu haisemi kitu asichokijua.

Daktari alieleza polepole. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maelekezo ya namna mtu anavyojengwa. Katika ukoo wetu, kipande kidogo cha maelekezo hayo kimejirudia, kimekaa mara mbili palipotakiwa mara moja. Kinachanganya ujenzi wa mikono wakati mtoto bado ni mdogo kuliko harage tumboni, wakati mama mwingine hajajua hata kama ana mimba. Amekikuta kwangu. Amekikuta kwa Rim. Kwa Emna hakuna. Kwa Mama hakuna.

Akamgeukia Mongi.

"Na wewe unacho."

Mongi alitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

Daktari akasema hutokea. Kuna anayekibeba bila kuonyesha chochote, hakuna anayejua kwa nini kinamruka huyu na kumkamata yule. Bila shaka Baba alikuwa hivyo hivyo. Mtu wa namna hii anaweza kumpitishia mtoto au asimpitishie, nusu kwa nusu, kila mimba upya. Na mtoto akikipata, mikono inaweza kuwa kama ya Rim, au kama ya Mongi. Hakuna wa kutabiri.

Emna akauliza swali moja tu. Kama alichokitazama wakati wa mimba kingeweza kubadilisha kitu. Daktari akasema hapana. Emna akainamisha uso kwenye nywele za mtoto, nikaona analia.

Halafu Mama akasimama. Nilidhani anataka maji. Akaenda mpaka kwenye meza ya daktari, akaishika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo kisu hakihusiki?"

Daktari hakuelewa. Nikamweleza kwa ufupi. Boga, mwezi, kisu.

"Hakihusiki, mama. Hata kidogo."

"Nami simo kabisa?"

"Humo."

Mama akauliza tena, maneno yale yale. Akajibiwa yale yale. Akarudi akakaa, akanishika mkono mbele ya watu. Jambo hilo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara.

Ijumaa, 13 Aprili

Mama hakupika. Ameweka picha ya Baba mezani, anazungumza nayo. Si ugomvi. Anamwambia, ulikuwa unanisikia nikilia, na mama yako ananisema, na wewe ulikuwa na shangazi anayekula jikoni. Ulijua? Au hukujua?

Anangoja kidogo, kama vile atajibiwa. Kisha anauliza tena.

Jumapili, 22 Aprili

Mongi amenikuta juu ya paa nikianika nguo. Akachukua upande mmoja wa shuka, tukalikunja kama zamani. Hajakwenda kwa wakwe zake tangu Tunis. Bi Beya amegeuza wimbo. Sasa mwenye kosa si mimi tena, ni Mongi. Anataka binti yake atoke kwenye ndoa hii kabla ya mimba nyingine. Emna hasemi ndiyo wala hapana.

Akaniambia jambo. Kwamba tulipokuwa wadogo, akirudi shuleni kila siku alikuwa anamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba yeye amenusurika. Kwamba alikuwa akinipenda na kushukuru kwa pamoja.

"Kumbe sikunusurika kitu," akasema. "Nilikipitisha tu mbele."

Nikasema: hukuiba, Mongi. Ulipewa kama nilivyopewa. Akauliza itakuwaje kama Rim akikua na kumchukia. Nikamwambia mimi simchukii Baba. Ninamhitaji, nina maswali. Simchukii.

Alilia, shuka likiwa kati yetu. Kisha akaniuliza kama mimi nimewahi kutaka watoto. Ajabu. Tumeishi nyumba moja maisha yote!

Nilimjibu kwamba upepo umeanza, tushuke.

Nusu kwa nusu. Mama yake Fethi hakuwa mjinga basi. Lakini nusu ile nyingine je? Na hata hii — kama angezaliwa na mikono hii, angezaliwa kwa mtu anayeijua. Ningemfundisha kufunga kamba za viatu, kukanda unga, kushika chaki. Nimemfikiria sana mtoto huyo, mpaka najua anavyokohoa. Haandikwi mahali popote, hata kwa mraba wala duara.

Basi. Inatosha.

Jumamosi, 5 Mei

Emna amekuja!

Mama alikuwa sokoni, Mongi kazini. Nilisikia mlango wa chini, nikajua kwa namna alivyousukuma kwa nyonga, kama alipokuwa anakuja na mikono imejaa madaftari. Alikuwa na Rim kifuani. Hakumuaga mama yake. Nilisimama kama mgeni kwenye nyumba yangu. Yeye akakaa mahali pake pa zamani, akaomba chai.

Alianza yeye. Alisema alinitazama, kweli, alasiri zile. Alikuwa anapenda kuniangalia nikimenya machungwa, ganda likitoka zima. Halafu mama yake akamtia hofu, na hofu ikawa tamu kwa sababu ilikuwa na mtu wa kumlaumu. Akasema samahani, wifi. Nikamwambia chai itapoa.

Kisha akamfungua Rim. Hakuna glovu. Akamlaza kwenye mkeka kati yetu.

Wamempeleka kwa mpasuaji. Rim akitimiza mwaka, daktari huyo anaweza kuuziba mwanya na kusogeza vidole karibu. Mkono utapendeza zaidi, mtu wa mbali hatagundua kitu. Lakini hakuficha: kushika kwake huenda kukapungua, na kuna watoto wanaobana vitu vizuri zaidi wakiachwa walivyo. Mnaweza pia kuacha, alisema. Bi Beya anataka hata kesho. Mongi anasema lolote Emna atakalotaka, na hilo halimsaidii.

"Kila mtu ana maoni," Emna akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeishi na mikono hii. Niambie ukweli, Dalenda. Ungekuwa wewe, wakati huo, na ungeweza kuchagua. Ungekubali?"

Watu wameniuliza mikono hii imetoka wapi. Wamenipa dawa, hirizi, pole. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivi.

Emna akasema nisiharakishe. Atapanda juu kufungua madirisha na kutafuta nguo za joto za mtoto. Niitafute kweli, atanisikiliza. Akaniachia Rim mapajani, akaondoka hivi hivi, kana kwamba amekuwa akiniachia kila siku.

Nimevuta daftari hili. Labda nikiandika nitajua.

Ningekubali. Kwa ajili ya pete. Kwa ajili ya korido na mabasi na siku ya kwanza ya kila mwaka wa shule. Kwa ajili ya Mama, asibebe kisu kile.

Nisingekubali. Kwa kuwa ni mikono yangu, na sijui nyingine. Kwa kuwa najua inavyofanya kazi. Kwa kuwa leo kuna mtu ameniletea mtoto.

Yote mawili ni kweli. Nitamwambia nini?

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili ameudaka Rim, akasinzia nao. Ameingiza kidole chake kwenye mwanya wangu na kuukaza mkono wake wote, na ana nguvu, siwezi kujitoa bila kumwamsha. Emna anashuka ngazi.